Kasha la Harusi na Mikono ya Mama

Tak!

Sauti ndogo tu, kama njiti ya kiberiti inayovunjika. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya televisheni nahangaika na nyaya za deki, sikuona kilichotokea. Nilipogeuka nilimkuta Mama amekaa mkekani, kasha la dhahabu liko mapajani, CD iko mkononi, na macho yake ni ya mtoto aliyevunja chungu cha watu.

"Baba, nadhani nimeiharibu."

Nikaichukua, nikaielekeza kwenye taa. Ufa mmoja, mwembamba kama unywele, ulianzia kwenye tundu la katikati ukaelekea nje.

"Mikono yangu hii," Mama akasema, akaigeuza viganja juu kama anayeikagua. "Mikono ya jembe. Vitu vyenu hivi haiviwezi."

Hii ni wiki ya sita. CD yenyewe imeshanitoka moyoni, kwa kiasi. Hayo maneno ya mikono hayajatoka.

Kilichokuwemo

Dada yangu aliolewa Oktoba 2012. Ibada ilikuwa kijijini Mvumi, sherehe ukumbini hapa Dodoma mjini. Mpiga video akatuletea CD mbili (ni DVD, najua, lakini nani nyumbani kwenu anasema DVD?), ya kwanza ya kanisani, ya pili ya ukumbini. Ile ya pili ndiyo yenye Bibi.

Bibi mzaa mama alikuja na wanawake wenzake wa Mvumi na ngoma zao za muheme. Aliyewahi kuiona muheme anajua ninachosema: ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mikono inapiga, mabega yanaongea. MC aliwapa dakika tano. Walichukua ishirini, na hakuna aliyethubutu kuwakatisha.

Bibi alifariki 2015. Picha za mnato tunazo tatu, nne. Video ni hiyo moja.

Mama alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya macho, ana miadi hospitali, na jioni moja baada ya kula akauliza kama mtu anayeulizia chumvi: "Ile CD ya harusi ya dada yako, ambayo mama anapiga ngoma, bado ipo?"

Ipo, nikajibu, tena kwa majivuno. Nilikuwa nimeitunza. CD ndani ya kasha lake, kasha ndani ya khanga, khanga ndani ya kabati, mbali na jua na mbali na vumbi letu la Agosti linaloingia hata kwenye friji.

Kumbe nilichoitunzia ndicho kilichokuja kuivunja.

Kasha lenyewe

Nianze kwa kukiri kwamba lilikuwa zuri. Linafunguka kama kitabu, nje rangi ya dhahabu, mbele lina uwazi wenye umbo la moyo na maharusi wanachungulia humo, pembeni utepe, ndani mahameli nyekundu. Kamati iliongeza hela ili tupate hilo badala ya kasha la kawaida. Kabla sijalihamishia kwangu, lilikaa miaka juu ya kabati la vyombo sebuleni kwa wazazi, kama kombe la ligi ya wilaya.

Sasa chukua kasha jeusi la DVD lililotengenezwa vizuri, lile la kawaida, uliangalie kwa dakika moja. Katikati kuna kitufe chenye meno. Ukikibonyeza, meno yanaingia ndani, tundu linaachiwa, CD inanyanyuka yenyewe. CD haikulazwa chini kabisa, imeinuliwa kidogo. Na pembeni kuna vibonde ambavyo wengi tunadhani ni mapambo. Ni vya vidole. Mtu fulani alikaa mezani akakifikiria kidole chako.

Kwenye kasha la dhahabu kidole hakikufikiriwa na yeyote. Kitufe kilibandikwa juu ya kadibodi ngumu, gundi ikafurika mpaka kwenye meno, hakibonyei hata ukikikalia. CD imelala juu ya mahameli kama chapati kwenye sinia, ukingo wake unagusa kitambaa mzunguko mzima. Njia ya kuitoa ni moja tu: chomeka ukucha upande mmoja, vuta.

Ukivuta upande mmoja huku katikati pameng'ang'aniwa, CD inapinda, na mpindo wote huo unaishia kwenye kingo za tundu. Tena DVD si kipande kimoja. Ni mabapa mawili ya plastiki, kila moja lina unene wa milimita 0.6, yamegundishwa pamoja. Tundu lina kipenyo cha milimita 15. Kutoka ukingo wa tundu mpaka mahali taarifa zinapoanza kuna kama sentimita moja na nusu ya plastiki tupu. Ufa wa Mama uliivuka sentimita moja na nusu yote, ukaingia.

Na DVD husomwa kutoka ndani kwenda nje. Mkwaruzo wa ukingoni utakunyima mwisho wa filamu. Ufa wa katikati unakunyima yote, maana hapo ndipo deki inapoanzia kujua imewekewa kitu gani. Tuliijaribu. Ikazunguka, ikakoroma, ikaandika kwamba hakuna diski. Nikaitoa haraka. Kitu chenye ufa kinachozunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika si cha kukaa nacho chumba kimoja na mzazi wako.

Kisha nikamwambia Mama, "Ungeniita mimi niitoe."

Sikusema kwa ukali. Nilisema kwa upole kabisa, naye akaitikia kwa kichwa, kana kwamba tumekubaliana nani mwenye kosa.

Siku mbili baadaye, nikiwa kwenye daladala, nikakumbuka nilikojifunzia maneno hayo.

Chang'ombe

Kuanzia 2009 hadi 2014 niliendesha maktaba ya CD pale Chang'ombe. Chumba kimoja, rafu za mbao pande tatu, kaunta yenye wavu, spika moja mlangoni. Kukodi shilingi 500 kwa usiku mmoja. Waliokuwepo enzi hizo hawahitaji maelezo, wengine mtanisamehe.

Mzigo ulikuja umefungwa kila namna, na kila namna ilikuwa na ugomvi wake.

VCD, zile CD za video zilizotangulia DVD, ndizo zilizonizeesha. VCD moja inabeba dakika 74, kwa hiyo filamu ya kawaida ni CD mbili, na zote mbili zilisukumwa kwenye kimfuko kimoja cha nailoni, mgongo kwa uso, zikisagana njia nzima kutoka Kariakoo. Changanya na vumbi la Dodoma: kila ukiichomoa unaipiga msasa. Miezi ya joto nailoni yenyewe inanata kwenye CD, na ukiibandua inaacha ukungu wa mafuta mafuta. Mteja anaufuta kwa shati, tena kwa kuzungusha, kama anayeosha sahani. Huko kuzungusha ndiko kubaya zaidi, kwa sababu taarifa zimepangwa kwa mzunguko. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unakula mfululizo mrefu ambao deki haiwezi kuuziba. Ukifuta, toka katikati nenda nje, mstari mnyoofu. Nililiandika hilo kwenye bango. Watu walisoma bango huku wanazungusha shati.

Halafu kulikuwa na imani kwamba upande unaong'aa ndio wa kulindwa, kwa hiyo CD inalazwa mezani lebo ikiwa chini. Kwa DVD si hatari sana, taarifa zimo katikati ya mabapa mawili. Kwa VCD ni balaa. Taarifa zake ziko juu kabisa, chini ya lebo, zimekingwa na rangi na utando mwembamba tu. Ukiielekeza juani CD iliyolazwa hivyo mwezi mzima unaona vitundu vya mwanga, kama anga la Bahi usiku. Kila nyota ni kipande cha filamu kilichokwenda na maji.

Kava za filamu zetu zinastahili makala yake. Nyuso tatu kubwa, mmoja analia, mmoja ana bastola, chini gari ambalo ndani ya filamu halimo. Urefu wa filamu hakuna. Neno "Sehemu ya 1" limeandikwa kwa herufi za chawa kwenye kona, na mwaka 2013 stempu za kodi zilipoanza kubandikwa kwenye CD za muziki na filamu, kwenye nyingi nilizopokea stempu ilitua juu ya kona hiyo hiyo. Mteja anakodi, anaangalia mpaka saa sita usiku, filamu inakatika mtu kashika kitasa cha mlango. Asubuhi yuko kwenye wavu: "Umenipa nusu!" Namuonyesha kava. Anabandua stempu kwa ukucha, anasoma, ananitazama kama mimi ndiye niliyeibandika.

Ila sikuja kusema ya kava. Kimfuko cha nailoni hakina ubavu, huwezi kusimamisha CD rafuni ukasoma jina. Kwa hiyo katikati ya 2011 nikafanya kile nilichokiita maendeleo: nikaagiza katoni ya makasha meusi. Yalikuwa ya bei ya chini kuliko mengine na yalikuja kwa basi. Nikayapanga, nikabandika namba ubavuni, nikasimama mlangoni nikaangalia. Nilijiona nimeingia daraja lingine.

Mikwaruzo ilipungua kweli.

Nyufa zikaanza.

Linauma

Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu wa reli. Alikuja kila Ijumaa na baiskeli yake kuchukua filamu zilizotafsiriwa, maana mkewe alipenda sauti ya mtafsiri kuliko filamu yenyewe. Jumamosi moja akarudisha CD imepasuka katikati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, hii imenipasukia."

Ukutani nilikuwa na bango jingine, hilo kila mtu alilielewa: UKIPASUA UMENUNUA. Elfu tatu. Akalipa bila neno.

Baada ya wiki chache ikapasuka nyingine. Safari hii hakutoa hela mara moja. Aliweka kasha juu ya kaunta, akaligonga kwa kidole.

"Hili kasha lako linauma."

"Linauma, mzee?"

"Linang'ata. Linaikamata CD kama mtego wa panya. Ukiivuta inalia."

Nilicheka. Na waliokuwa nyuma yake foleni walicheka. Nikachukua kasha jingine rafuni, nikamfanyia maonyesho: kidole gumba cha kushoto hapa, vidole viwili vya kulia huku, hop, CD imetoka. "Unaona, mzee? Taratibu tu. Ungetoa taratibu."

Akaangalia mikono yangu. Kisha akaangalia yake. Akalipa.

Hakurudi tena kukodi. Alikuwa akipita na baiskeli ananipungia mkono, mimi nadhani kapata deki iliyoharibika au mke kachoka filamu.

Nilichokuwa sikioni ni hiki. Mimi nilifungua yale makasha mara mia kwa siku. Kitufe chake kilikuwa kigumu, hakibonyei, na kidole gumba changu kilikuwa kimejifunza kuyasukuma meno moja moja ndani bila mimi mwenyewe kujua. Yeye alilifungua mara moja kwa wiki, kwenye mwanga wa taa ya sebuleni, kwa macho ya mzee. Nilikuwa nimeuzoea ubovu mpaka nikauita ustadi wangu.

Daftari

Nilikumbuka kwamba daftari la maktaba bado ninalo. Lipo kwenye tranka la chuma chini ya kitanda, pamoja na risiti za leseni ya biashara. Nikalitoa usiku, mke wangu akauliza kuna nini, nikasema hamna kitu.

Nilikuwa naandika kwa kalamu nyekundu kila faini na sababu yake. "Mikw." ni mikwaruzo. "Imepot." ni imepotea. "Imep. kati" ni imepasuka katikati.

2009, mikw., mikw., imepot., mikw. 2010 vivyo hivyo. Katikati ya 2011, katoni inafika, na kalamu nyekundu inabadilisha wimbo. Imep. kati. Imep. kati. Imep. kati. Nilipofika thelathini niliacha kuhesabu, na nilikuwa bado sijafika Krismasi ya mwaka ule. Mama lishe wa stendi. Mwalimu. Kijana wa bodaboda ambaye nakumbuka alilipa kwa mafungu matatu. Elfu tatu, elfu tatu, elfu tatu.

Ushahidi wote niliuandika kwa mkono wangu, na tarehe juu. Nikautumia kudaia.

Na hakuna aliyebisha! Hilo ndilo lililonitoa usingizi. Ukiacha mzee wa reli, kila mmoja aliingia pale mlangoni ameinamisha kichwa. "Samahani, kaka, nimeipasua." Nimeipasua. Si "imepasuka". Lugha yetu inakupa uchaguzi wa silabi chache tu kati ya mtu kutenda na kitu kutendeka chenyewe, na wote, mmoja baada ya mwingine, walichagua kujitwisha.

Au nazidisha?

Nimejibishana na nafsi yangu sana juu ya hili. Kwanza, ni CD. Wapwa zangu wanajaziwa muvi kwenye flashi, wanaangalia kwenye simu, kasha la CD kwao ni kitu cha kuwekea shanga. Nani anaandika makala ndefu kulalamikia kasha?

Pili, labda Mama alivuta kweli kwa nguvu. Plastiki nayo inazeeka. Labda CD ile ingepasuka hata mikononi mwa malaika, na mimi natafuta wa kumlaumu kwa sababu siwezi kumlaumu mama yangu.

Nililala na wazo hilo siku tatu, nne. Kisha nikakumbuka kwamba CD ya kwanza, ya kanisani, ilikuwa bado imelala upande wa pili wa kasha lile lile.

Basi jaribu wewe, mtaalamu.

Nilikaa mezani saa nne asubuhi, mwanga wa kutosha, mikono imeoshwa. Kidole gumba hapa, vidole viwili huku. Kitufe hakikutikisika. Nikajaribu kusukuma meno moja moja, gundi imeyashika. Nikainua kidogo upande mmoja nikaona plastiki inaanza kujikunja na mwanga unakimbia juu yake, nikaachia haraka, jasho linanitoka kwapani. Mwishowe nilichukua kisu cha kupakia siagi, nikakipitisha chini ya mahameli, nikabandua kitufe chote kutoka kwenye kadibodi, gundi na kitambaa juu yake. Ndipo CD ikatoka, ikiwa imevaa kitufe katikati kama pete iliyogoma kidoleni.

Dakika kumi na kitu. Mtu aliyetoa CD kwa miaka mitano, na kisu juu.

Studio

Nilimtafuta yule mpiga video. Bado yupo, studio imehama mtaa, na ni muungwana. Sikwenda kugombana, ingawa nilikuwa nimejiandaa na maneno njiani.

"Karibu kaka, karibu sana. Harusi?"

Nikamuonyesha kasha. Akalipokea kwa mikono miwili akatabasamu kama aliyekutana na mwanafunzi wake wa zamani. Akanieleza bila kuficha kitu: makasha yale yalikuja kutoka Dar es Salaam yakiwa ya albamu za picha, hayana mahali pa CD. Vitufe alinunua peke yake, akavibandika mwenyewe usiku, na gundi alizidisha kwa makusudi. "Mzigo wa kwanza vilikuwa vinabanduka, kaka. Bwana harusi anafungua mbele ya wakwe, CD inadondoka. Aibu gani ile!"

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kurudi kulalamika kwamba CD imepasuka.

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana. Hata mmoja."

Nilimwamini. Waliopasua walikuwa majumbani mwao wanaangalia mikono yao.

"Watu wananunua kwa macho," akaongeza. "Siku ya kukabidhi, kasha likikaa vizuri kwenye picha, umemaliza. Nani anafungua tena?"

Siku hizi anatoa harusi kwenye flashi. Akanionyesha: kisanduku cha mbao kilichonakshiwa majina, ndani sponji nene yenye tundu, flashi imezamishwa humo mpaka shingoni. Kizuri kweli. Akaniambia niijaribu. Nikavuta. Kifuniko cha flashi kikanibaki mkononi, flashi yenyewe ikabaki ndani ya sponji.

Tukaangaliana. Akachukua koleo dogo kwenye droo. Koleo lenyewe lilikuwa tayari kwenye droo.

Mpwapwa

Dada, kwa simu kutoka Mwanza, ndiye aliyekumbuka: baba mdogo wa Mpwapwa alipewa nakala. Si ya kasha la dhahabu, hapana, ile ya kubani juu kwa juu, iliyogawiwa kwa wajomba na majirani, kwenye bahasha ya karatasi yenye kidirisha cha nailoni.

Nilikwenda Jumapili.

"Mbukwa, mwanangu. CD ipi? Hiyo ya mwaka gani?"

Ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo, katikati ya kurasa, imeandikwa kwa maka peni HARUSI 2. Bahasha imekuwa ya rangi ya chai. Nikaitoa nikiwa nimeshikilia pumzi. Nzima katikati. Ukingoni ina mikwaruzo na alama ya gundi ya kile kifuniko cha bahasha, maana wanaozitengeneza nao hawajawahi kuelewana na gundi.

Nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba bahasha ya bei ya pipi ilishinda kasha la mamilioni ya kamati. Nikamuuliza baba mdogo aliitunzaje.

"Kuitunza? Sijawahi kuitoa. Mimi deki nilipata wapi?"

Basi.

Nilirudi nayo mjini, nikaifuta kutoka katikati kwenda nje, nikaiweka kwenye kompyuta na programu inayorudia kusoma mahali palipogoma badala ya kukata tamaa. Ilichukua usiku kucha. Asubuhi nilikuwa na sherehe karibu yote mpaka keki. Muheme ipo. Haipo yote ishirini. Kuna mahali picha inageuka miraba, bega la Bibi linakwenda kushoto na kichwa chake kinabaki, kisha ghafla watu wanakula pilau. Lakini kabla ya hapo kuna kama dakika tatu safi, na ndani yake kuna mahali Bibi anainua uso anamwangalia mpiga video, kama anamuuliza una shida gani wewe.

Makasha saba

Deki ya Mama kule Mvumi tundu lake la flashi lilikufa zamani. Inasoma CD tu. Kwa hiyo ilibidi nibani CD, na CD inahitaji kasha.

Nilikwenda duka moja hapa mjini la vifaa vya kompyuta. Nikaomba makasha matupu ya DVD, nikaanza kuyafungua moja moja pale kaunta na kuweka CD yangu na kuitoa. Kijana wa duka alivumilia mpaka la nne.

"Mzee, unanunua au unacheza?"

Mara yangu ya kwanza kuitwa mzee na muuza duka. Nikamwambia haya yanauma. Akanitazama, akamtazama mwenzake.

La saba lilibonyea. Kidole kimoja, bila nguvu, na CD ikanyanyuka yenyewe kama mtu aliyeitwa jina. Nikanunua mawili, moja la akiba.

Juzi nilikuwa Mvumi. Nilikaa mkekani karibu na Mama nikamwonyesha. "Hapa katikati, Mama. Unagusa tu, haivutwi. Angalia." Nikabonyeza, ikanyanyuka. Nikairudisha. Nikabonyeza tena. "Sasa wewe."

Nilimweleza na mambo ya gundi, na kisu, na dakika kumi, na yule mpiga video na koleo lake. Alisikiliza yote. Kwenye koleo alicheka mpaka akafuta macho.

Nikamsogezea kasha.

Mama akaingiza mikono yake yote miwili chini ya khanga.

"Toa wewe, baba," akasema. "Mimi nitaangalia."